Marehemu aliacha risasi kabatini: atazipataje shemeji aliye jimbo jingine?

Dada mmoja anayeishi Houston, Texas, ameniandikia hivi:

"Kaka, habari za kazi. Mume wangu alifariki mwezi uliopita. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kuwinda. Bunduki zake nimeshaziuza dukani kwa msaada wa rafiki yake, lakini kabatini zimebaki risasi: boksi nane zimeandikwa .308, boksi nne ni za shotgani, kuna bati la biskuti limejaa risasi alizokuwa akizitengeneza mwenyewe, na chupa mbili za baruti. Mdogo wake yuko Columbus, Ohio. Alikuja kusoma chuo miaka mitano iliyopita na siku hizi naye anawinda kulungu. Ameniomba nimtumie. Mimi nina grini kadi. Je, nifungashe tu nipeleke posta, au kuna utaratibu wake? Naogopa kukosea na niko peke yangu."

Pole sana, dada. Mungu amlaze marehemu mahali pema. Mimi si wakili, ila nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la silaha hapa Texas, na kazi yangu kubwa ilikuwa upande wa kupokea na kutuma mizigo. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyezishika hizo boksi kwa mikono yake.

Posta usiende. Posta ya serikali ya Marekani, USPS, haichukui risasi kabisa: si boksi zima, si risasi moja ndani ya bahasha, si kwa ndugu, si kwa zawadi. Kifungu cha 1716 cha sheria ya jinai ya shirikisho kinaweza kumfunga mtu hadi mwaka 1 kwa kutumbukiza kitu kama hicho posta huku akijua, na juu yake ipo faini ya kiutawala inayoanzia dola 250 hadi dola 100,000 kwa kila kosa, mbali na gharama za kusafisha pakitokea ajali. Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wetu wengi huanzia posta. Ndiyo iliyo karibu, na ndiyo rahisi.

Siku moja aliingia dukani kwetu baba mmoja na boksi la viatu alilolizungushia gundi ya karatasi mpaka likawa kama yai. Posta ilikuwa imefungwa, akaona atuulize sisi. Juu ameandika "vifaa vya bafuni". Nilipolinyanyua likalia kama kayamba. Nikamwomba alifungue. Ndani mlikuwa na risasi za bastola, tupu bila boksi lake, zimechanganyikana na betri tatu na funguo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamtumia mwanawe. Lakini hebu fikiria betri na vipande vya chuma vinagongagonga vitako vya risasi, pale pale bunduki inapogonga ili risasi ifyatuke, siku nne barabarani.

Kabla hatujafika kwenye namna ya kufungasha, nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu: shemeji alikuja kusoma chuo. Hapo ndipo penye uzito wa swali lako lote. Kwa risasi, sheria ya shirikisho haikuzuii kumpa mtu wa jimbo jingine. Ingekuwa bunduki, ningekuambia ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, isipokuwa kama ni urithi. Risasi hazina sharti hilo kati ya watu binafsi. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 922, inamkataza mtu yeyote kumpa mwingine risasi akijua, au akiwa na sababu ya msingi ya kuamini, kwamba mpokeaji ni miongoni mwa waliokatazwa kuwa nazo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022, adhabu yake inafika miaka 15 jela. Na anayeadhibiwa ni mtoaji pia, siyo mpokeaji peke yake.

Waliokatazwa ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Wapo waliowahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inazidi mwaka mmoja. Wapo waliopatikana na hatia ya kumpiga mwenzi, hata kama kosa lilihesabiwa dogo; hilo liliingizwa mwaka 1996. Wapo walio chini ya amri ya mahakama ya kutomsogelea mwenzi au mzazi mwenzao. Wapo watumiaji wa dawa za kulevya, na maandishi ya sheria ya shirikisho hayajali kwamba Ohio wenyewe waliruhusu bangi kwa kura mwaka 2023. Halafu wapo wawili wanaotuhusu sisi wageni moja kwa moja: mtu anayeishi nchini bila kibali halali, na mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya mwanafunzi.

Kwa hiyo mpigie shemeji umuulize bila aibu: "Shemeji, makaratasi yako yamesimamaje?" Najua kwetu swali hilo si la kumuuliza mtu kwenye simu, hasa mdogo wa marehemu mwenye msiba. Muulize tu. Akiwa na grini kadi au uraia, au alipewa hifadhi kama mkimbizi, njia iko wazi kwa upande huo. Akiwa bado kwenye viza ya masomo, kuna mlango mmoja: sheria inamwondolea katazo aliye na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote hapa Marekani. Anasema anawinda, basi leseni anayo au hana. Akupigie picha, nawe uangalie tarehe ya mwisho, kwa sababu leseni nyingi za kuwinda ni za msimu, na ikishakwisha mlango umefungwa. Na ikiwa viza yenyewe ilishamwishia akabaki tu, leseni ya kuwinda haimsaidii kitu. Hapo jibu ni hapana, dada, hata akikulilia. Mtu wa namna hiyo akikutwa na risasi hata moja mfukoni, kesi yake haiishii gerezani. Idara ya uhamiaji humsubiri mlangoni.

Kuna mtu alishawahi kuniambia, "Basi nisimuulize, nisije nikajua." Haikuokoi. Maneno "sababu ya msingi ya kuamini" yaliwekwa kwa ajili ya anayejifumba macho. Wewe umeshaniandikia kwamba alikuja kusoma. Huwezi tena kusema hukujua.

Wewe mwenyewe kwa grini kadi yako uko salama kukaa na vitu hivyo nyumbani. Ungekuwa umekuja kwa viza ya muda ya mke wa mtu, ningekuambia umwite rafiki wa marehemu leo hii azichukue, kabla hata hujamaliza kusoma jibu hili.

Tuseme shemeji amekuonyesha makaratasi na yako sawa. Swali la pili, ambalo naye huenda hajalifikiria vizuri: hizo risasi zitamfaa nini? Chukua risasi moja ya .308 uitazame. Ganda lake limenyooka, halafu karibu na juu linajibana kama shingo ya chupa. Sasa, Texas humu unawinda kulungu na .308 bila mtu kukusemesha. Ohio siyo. Ohio, anayewinda kulungu kwa raifoli (bunduki ndefu isiyo shotgani) hutakiwa kutumia risasi ambayo ganda lake limenyooka wima kama kipande cha chaki, lisilo na bega, yenye kipenyo cha kuanzia inchi .357 hadi .50. Utaratibu huo waliuruhusu mwaka 2014. Kabla ya hapo ilikuwa shotgani na silaha nyingine za karibu. Sababu inayotolewa siku zote ni kwamba risasi ya shingo ya chupa huruka mbali sana, na Ohio imejaa mashamba na nyumba kwenye nchi tambarare.

Kwa hiyo boksi zako nane, risasi 160 kama kila boksi lina 20, hazimsaidii kumwangusha kulungu wa Ohio. Anaweza kwenda nazo uwanja wa shabaha, au kuwinda mbweha wa huko. Za shotgani nazo soma ubavuni mwa boksi. Shotgani inaruhusiwa kwa kulungu Ohio, lakini kwa bonge moja la risasi, siyo marisau yanayotawanyika. Zikiwa za marisau madogo ya ndege, zitamfaa kwa ndege na sungura tu. Nimeona watu wakilipa dola mia kusafirisha mzigo wa dola mia na hamsini ambao mpokeaji hawezi kuutumia. Mwulize kwanza ana bunduki gani na imeandikwa nini kwenye mtutu; risasi lazima ilingane na maandishi hayo, siyo kukaribiana.

Ikiwa bado anazitaka, njia ninayoipenda kuliko zote ni hii: mfanye arobaini ya marehemu, aje, na akirudi abebe. Mtu binafsi anayesafirisha risasi zake ndani ya gari lake, si kwa biashara, hahusiki na kanuni za mizigo ya hatari zinazozibana kampuni. Kutoka Houston hadi Columbus ni safari ya siku mbili kwa mwendo wa kistaarabu, na njia ya kawaida inapita Arkansas, Tennessee na Kentucky, ambako hakuna atakayemdai kadi ya risasi. Aziweke kwenye buti, ndani ya boksi zake za kiwandani, mbali na jua la dirishani. Asizunguke kupitia Illinois kwa kuwatembelea jamaa wa Chicago. Huko mkaazi hutakiwa kuwa na kadi maalumu ya serikali ili akae na risasi, na mgeni anayepita ana masharti yake. Kwa nini ajitafutie maswali?

Akija kwa ndege pia inawezekana. Risasi huenda kwenye begi linalokabidhiwa kaunta, kamwe si begi la mkononi, na lazima ziwe kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya risasi, la kadibodi, plastiki, mbao au chuma. Mfuko wa plastiki haukubaliki, wala soksi. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha ratili 11, yaani kilo 5. Boksi zako nane za .308 zinakaribia kilo 4 pamoja na vifungashio, kwa hiyo hizo zinaingia; za shotgani ni nzito na zitamzidishia. Asome masharti ya shirika lake kabla ya kufika uwanjani, na amwambie karani wa kaunta waziwazi kwamba begi lina risasi.

Sasa kampuni za mizigo. Kuna UPS na FedEx, na nitakuwa mkweli kwako: kwa mtu binafsi mwenye boksi kumi na mbili, mara nyingi usumbufu unauzidi mzigo. Kila kampuni ina masharti yake, imeyakaza miaka ya karibuni, na inaweza kukataa hata kile ambacho sheria inaruhusu. Nyingi zinataka uwe na akaunti na makubaliano nao. Vile viduka vya kona vyenye nembo yao, vinavyouza kadi za pongezi na kupiga fotokopi, havipokei risasi. Piga simu kwa kampuni yenyewe, taja neno "risasi" mwanzoni kabisa, uliza kama wanapokea kutoka kwa mtu asiye na biashara, na kama ndiyo, upeleke kituo gani. Wakisema hapana, ni hapana. Usijaribu karani mwingine.

Wakikubali, mambo yanayotakiwa ni haya. Mzigo uende kwa barabara, si kwa ndege. Sheria inataka uiarifu kampuni kwa maandishi kwamba ndani kuna risasi, kwa sababu zinavuka mpaka wa jimbo na anayepokea hana leseni ya kuuza silaha. Kumwambia dereva kwa mdomo hakutoshi, na kukaidi hilo kwa makusudi kunaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 5. Risasi ziwe kwenye boksi zake za ndani zenye vitundu, kila moja imebanwa, ili kile kiduara katikati ya kitako kisigongwe na kitu chochote. Boksi la nje liwe gumu, lisizidi kilo 30 likishafungwa. Mimi nilikuwa siruhusu yazidi kilo 20, kwa ajili ya migongo ya watu na vitako vya boksi vinavyopasuka kwenye mkanda wa mashine. Ubavuni hubandikwa alama ya kiasi kidogo cha bidhaa ya hatari: mraba uliosimama kwa pembe yake kama alama ya almasi kwenye karata, weusi juu na chini, weupe katikati, usiopungua milimita 100 kila upande. Zamani ilikuwepo alama nyingine ya herufi, ORM-D, na utaikuta bado kwenye makasha ya kale. Haitumiki tena tangu mwanzoni mwa 2021. Ukitumia kasha la zamani, ifute.

Haikuwa hivi siku zote. Kati ya mwaka 1968 na 1986 duka halikuruhusiwa kumtumia risasi mteja wa kawaida wa jimbo jingine. Sheria ya 1968 ilitungwa katika hasira za mauaji ya miaka ile, na bunduki iliyomuua Rais Kennedy ilikuwa imenunuliwa kwa njia ya posta. Mwaka 1986 kizuizi cha risasi kikaondolewa. Ndiyo maana leo maduka ya intaneti humtumia mtu risasi hadi mlangoni katika majimbo mengi. Na ndiyo maana pia ushauri wangu wa kweli kwako ni mwepesi kuliko yote niliyoeleza: ziuze hizi boksi za kiwandani hapo Houston, kwa duka lililonunua bunduki au kwa rafiki wa marehemu, kisha mtumie shemeji hela. Atajinunulia Columbus risasi zinazolingana na bunduki yake na sheria ya huko, na duka ndilo litakalobeba kazi ya kuzisafirisha. Ukitaka abaki na kitu cha kaka yake, mpe kisu cha kuwindia au darubini.

Ningekujibu tofauti kama shemeji angekuwa jimbo jingine. California inataka risasi zinazotoka nje zipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya jimbo, na ingawa sheria hiyo imekuwa ikipiganiwa mahakamani, huwezi kumtumia mtu risasi kwa kutegemea kesi. Hapo kuna msamaha wa jamaa wa karibu, lakini "jamaa" wa California ni mume na mke, mzazi na mtoto, babu au bibi na mjukuu. Kaka na dada hawamo, shemeji ndiyo usiseme. Massachusetts, Connecticut, New Jersey na Illinois kila moja ina kadi au kibali chake, na New York huchunguza mnunuzi tangu Septemba 2023. Ohio kwa bahati haina kadi ya risasi.

Lile bati la biskuti lisisafiri kwenda kokote. Risasi za kujitengenezea nyumbani si haramu, marehemu hakukosea kitu, lakini mtengenezaji hupima baruti kwa bunduki yake moja anayoijua, wakati mwingine akikaribia kabisa kikomo cha juu. Kwenye bunduki ya mtu mwingine kipimo hichohicho kinaweza kupasua chemba karibu na jicho la mpigaji. Kama aliacha daftari la vipimo, litafute, lina thamani kuliko bati lenyewe. Kama hakuacha, usimpe shemeji hata moja. Maduka mengi hayazinunui. Watu wa klabu ya shabaha aliyokuwa akienda marehemu ndio watakaojua nani mwenye vifaa vya kuzifungua. Ofisi nyingi za sherifu nazo hupokea risasi ambazo mtu hazihitaji, ila piga simu kwanza, usiingie nazo mlangoni.

Chupa za baruti usizichanganye na risasi kwenye boksi lolote. Ni daraja jingine kabisa la hatari na kampuni haitazichukua kwako. Soma lebo bila kufungua kifuniko. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huwaka kwa kasi. Ile nyeusi ya kale hulipuka, na cheche ndogo inaitosha. Ziache kwenye chupa zake, mahali pakavu, mbali na heta ya maji, na umpe mtu wa hapohapo Houston anayejitengenezea risasi. Usizimwage kwenye sinki.

Na begi la kuwindia la marehemu, lile la mgongoni, ligeuze mifuko yote nje kabla hujampa mtoto au kusafiri nalo. Kila mfuko, na zile zipu ndogo za ndani. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa visiwa vya Turks na Caicos kwa risasi chache walizozisahau kwenye mizigo, na sheria ya huko ilianzia miaka 12 jela. Ukipanda ndege kwenda nyumbani Tanzania na risasi moja imekwama kwenye mshono, utajieleza uwanjani kwa watu ambao hawatakuwa na haraka. Kuzituma nyumbani kwa njia yoyote usifikirie. Kuanzia hapa ni biashara ya kibali cha kusafirisha silaha nje ya nchi, na kule unakutana na sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015.

Kwa leo tandika gazeti mezani, mchana, watoto wakiwa shule. Toa boksi moja moja, soma maandishi ya kwenye kitako cha risasi moja kutoka kila boksi, na hakikisha yanalingana na ya boksi, maana wawindaji wana tabia ya kurudisha risasi boksi lisilo lake. Risasi yoyote yenye ncha iliyopakwa rangi, yenye kutu ya kijani, au iliyobonyea, iweke pembeni. Kisha piga picha ya vitako na ya lebo za zile chupa mbili, unitumie pamoja na jibu la shemeji kuhusu leseni yake.